Habari Zinapoingia Chumbani: Shajara ya Kutazama Upya Tamthilia Kongwe za Uingereza

Januari 2025. Kupanga

Mradi ni huu. Nataka kutazama upya, kwa utulivu, tamthilia za kihistoria za televisheni ya Uingereza ambazo nilizimeza bila kutafuna nikiwa mwanafunzi Leicester, kwenye kanda za kuazima maktaba ya mtaa. Safari hii hakuna pupa. Sehemu moja kwa jioni, daftari mkononi, simu inabaki chumba kingine.

Orodha niliyoikubali baada ya kubishana na nafsi yangu: The Forsyte Saga (1967), The Six Wives of Henry VIII (1970), Elizabeth R (1971), Upstairs, Downstairs (1971 hadi 1975), I, Claudius (1976), The Jewel in the Crown (1984), na mwisho kabisa The Flame Trees of Thika (1981), ambayo naivusha zamu yake kwa makusudi. Pride and Prejudice ya 1995 haimo. Ile haihitaji mtetezi, na kila shemeji yangu ana nakala yake.

Diski zote nimenunua zilizokwishatumika. Zingine zina mikwaruzo lakini zinacheza.

Swali ninalolifukuzia: kwa nini kazi hizi, zenye kuta za mbao nyembamba zinazotikisika mlango ukifungwa, bado zinanishika kuliko tamthilia za leo zenye farasi mia na kamera inayoruka angani? Sitaki jibu la "ya kale dhahabu". Vya kale vingi ni takataka, na baadhi nitavikuta humu humu.

Mama amesema atatazama nami. Kiingereza chake ni cha dukani na hospitalini, kwa hiyo namtafsiria pale anapouliza tu. Ameshanionya nisimweleze asilouliza.

Januari, mwishoni. Forsyte

Sehemu 26, picha nyeusi na nyeupe. BBC2 ilianza kuirusha Januari 1967, wakati televisheni nyingi majumbani hazikuweza hata kunasa chaneli hiyo. Iliporudiwa BBC1, Jumapili jioni kuanzia Septemba 1968, ndipo mambo yalipobadilika: makanisa yalihamisha saa za ibada ya jioni ili waumini wawahi nyumbani, na sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 18 hivi. Iliuzwa mpaka Umoja wa Kisovieti, ambako hakuna kitu cha BBC cha namna hiyo kilichokuwa kimefika kabla.

Nasema wazi: inaburuta. Baada ya kizazi cha kwanza cha ukoo wa Forsyte kuzeeka, nilikuwa natazama kwa nidhamu tu. Ila Eric Porter, anayemwigiza Soames Forsyte, ni somo zima. Huyu ni mwanasheria tajiri anayempenda mkewe Irene namna mtu anavyopenda nyumba aliyoilipia. Anapomwingilia kwa nguvu, tukio lenyewe ni fupi na halina mapambo. Kinachodumu ni sura yake asubuhi inayofuata, ya mtu anayetafuta kosa liko wapi kwenye mkataba. Wakati ule kuna watazamaji waliomhurumia yeye. Mama hakuhurumia mtu. "Huyu hana shida ya mke," alisema. "Ana shida ya hesabu."

Februari. Wake sita

Hii ilikwenda haraka. Tamthilia sita za dakika 90, kila mke na yake, kila moja na mwandishi wake. Keith Michell, Mwaustralia, ndiye Henry katika zote, na ndiyo sababu ya kuitazama: anaanza kijana mwembamba mcheza ngoma, anamaliza akiwa pipa la nyama lenye macho madogo. Si mito ya tumboni peke yake. Sauti inapanda juu kidogo kadiri mwili unavyozidi, na mikono inaanza kukaa mbali na mbavu.

Jambo la kuwekea alama: kwa kuwa kila sehemu ni ya mwanamke mmoja, mfalme anabaki kuwa habari. Tunakaa na Catherine wa Aragon (Annette Crosbie, hatari kabisa) tukisubiri mlango ugongwe na mtu aje kusema mfalme ameamua nini. Anne wa Cleves, aliyeigizwa na Elvi Hale, ndiye pekee anayeusoma mchezo mapema na kutoka na kichwa chake na nyumba juu. Mama amempa alama zote.

Machi. Elizabeth R

Hapa nimeanza kuona jibu la swali langu likichomoza, kwa hiyo niandike kwa kirefu.

Kwanza namna zilivyotengenezwa. Waigizaji walifanya mazoezi kwenye jengo la BBC kule Acton, magharibi mwa London, ambako ukuta wa kasri ulikuwa mstari wa tepu ya rangi iliyobandikwa sakafuni. Kisha wanahamia studio. Kamera kadhaa zinawatazama kwa wakati mmoja, nao wanacheza maonyesho marefu bila kukatizwa, karibu na ilivyo jukwaani. Kurudia kulikula muda na fedha, kwa hiyo ulimi ukiteleza kidogo mara nyingi uliachwa hivyo hivyo. Nje ya studio walipiga kwa filamu ya milimita 16. Ndiyo maana mhusika akitoka tu mlangoni picha inageuka ghafla: ndani ni laini na angavu, nje ina chengachenga na rangi ya mawingu. Ukishalijua hilo huachi kuliona.

Kwa bajeti ya namna hiyo, unafanyaje vita vya baharini? Mwaka 1588 Hispania ilituma meli 130 hivi kwenda kuipiga Uingereza. Sehemu ya tano ya Elizabeth R inahusu jambo hilo, na mtu anayesubiri mizinga atalala njaa. Tunachopewa ni Mfalme Philip, Peter Jeffrey aliyevaa nyeusi, kwenye meza yake katika kasri la Escorial, Hispania, akisoma karatasi. Anaendesha vita vikubwa vya zama zake kwa kalamu. Anasali, anasaini, anasali. Upande wa pili kuna Malkia Elizabeth anayezunguka chumba akiwauliza washauri maswali ambayo hawana majibu yake kwa sababu upepo haujasema. Halafu habari zinafika. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kochi kwa ajili ya watu wanaosoma barua.

Basi nimeandika kwenye daftari na kupigia mstari: *hizi ni tamthilia za habari kuingia chumbani.* Tukio lenyewe liko mbali, hawana fedha ya kulionyesha. Kwa hiyo uzito wote unaangukia sura ya anayeambiwa. Na historia, kwa watu wengi walioishi ndani yake, ilikuwa hivyo hasa. Wachache sana waliiona bahari siku ile. Waliobaki waliambiwa.

Glenda Jackson sasa. Alinyoa nywele za mbele ili paji la uso liwe kama la picha za kuchorwa za Elizabeth, na anambeba kutoka binti anayeweza kukatwa kichwa wakati wowote mpaka bibi wa miaka 69 anayefariki Machi 1603. Kipande cha kutazama kwa karibu kimo katika sehemu ya mwisho. Essex, kijana kipenzi cha malkia (Robin Ellis, ambaye baadaye wanawake wa Uingereza walimlilia akiwa shujaa wa tamthilia ya Poldark) amerudi kutoka Ireland bila ruhusa, ana matope mpaka magotini, anaingia moja kwa moja chumbani kwa malkia asubuhi kabla hajavalishwa. Hana wigi. Hana poda nyeupe. Jackson hafuniki kichwa wala hapigi kelele. Anamwacha amtazame, anaongea naye kwa upole, na ndani ya upole ule unaona kabisa kwamba kijana ameshajiua. Hukumu ilitekelezwa 1601. Mimi nadhani ilitolewa pale.

Pembeni kidogo: Jackson alikuja kuwa mbunge wa chama cha Labour kuanzia 1992 hadi 2015, kisha akarudi jukwaani na kuigiza King Lear akiwa na miaka 80. Alifariki 2023. Kuna watu wanaishi maisha matatu sisi tukihangaika na moja.

Aprili. Upstairs, Downstairs, mwanzo

Jean Marsh amefariki tarehe 13 mwezi huu, akiwa na miaka 90. Nilikuwa katikati ya diski za mwanzo, namwona kila jioni akiwa Rose, kijakazi mkuu mwenye mdomo mkali na moyo unaojificha. Nimeisitisha siku hiyo, halafu nikaona sitishio lenyewe halina maana. Nikaendelea.

Yeye na rafiki yake Eileen Atkins ndio walioibuni tamthilia hii. Mama yake Marsh alipata kuwa mtumishi wa ndani, baba yake Atkins naye alipata kutumikia matajiri, na wote wawili walichoshwa na hadithi za kitajiri ambamo chai inatokea yenyewe mezani. Wakauliza nani aliichemsha. Atkins angekuwa Sarah, lakini alifungwa na kazi za jukwaani, nafasi ikaenda kwa Pauline Collins.

Nyumba ni namba 165 Eaton Place, London. Nyumba iliyopigwa picha kwa nje ilikuwa namba 65. Walipaka tarakimu 1 mbele yake, basi, mtaa ukapata nyumba mpya.

Sehemu sita za mwanzo zilirekodiwa bila rangi, kwa sababu mafundi wa ITV, televisheni ya kibiashara iliyoirusha, waligoma kutumia mitambo ya rangi mpaka walipwe zaidi, kuanzia mwishoni mwa 1970 hadi Februari 1971. Ya kwanza ilirudiwa baadaye kwa rangi. Napenda kwamba tamthilia kuhusu wafanyakazi ina alama ya mgomo mwilini mwake.

Hali ya mradi: tuko nyuma ya ratiba. Umeme umekuwa wa kubahatisha, na Mama ana harusi tatu mfululizo.

Mei hadi Juni. Ngazi

Sehemu 68 zinaanzia 1903, zinaishia 1930. Si zote nzuri. Kuna wageni waliolala usiku mmoja wakaacha hadithi ya kulazimisha, na kila mwandishi alipokosa wazo alimleta tapeli. Ila zilizo nzuri zimenifanya nisahau kupika.

Chukua meli ya Titanic, Aprili 1912. Rachel Gurney, aliyekuwa Lady Marjorie, bibi mwenye nyumba, alitaka kuacha kipindi, wakampandisha meli. Hatuoni maji. Tunaona nyumba ikisubiri. Kisha anatokea Roberts, mtumishi wake wa karibu, mwanamke mzee aliyeokolewa, na mikononi amekumbatia kisanduku cha vito vya bibi yake. Hataki kukiachia. Watu wanamwomba kwa upole, naye anakishika zaidi. Anajua kwamba siku atakapokikabidhi hatakuwa na kazi wala mtu wa kumtumikia. Mwigizaji mmoja na boksi moja, na dunia nzima ya bahari baridi iko pale sebuleni. Mama, ambaye alikuwa anachambua mchele, aliweka ungo chini.

Nilichokielewa hapa, ambacho Elizabeth R haikuweza kunipa, ni kazi ya ngazi. Habari ikiingia Eaton Place inafika mara mbili. Kwanza juu, kwa Bellamy, bwana mwenye nyumba, na mwanawe James, ikiwa telegramu kwenye sahani ya fedha iliyobebwa na Hudson, mkuu wa watumishi. Halafu Hudson anashuka nayo jikoni, na kule chini ni habari nyingine kabisa. Juu wanauliza tumempoteza nani. Chini wanauliza hilo na la pili, ambalo hakuna mwenye ruhusa ya kulisema: je, nani kati yetu atapunguzwa? Gordon Jackson, anayemwigiza Hudson, anafanya jambo dogo ambalo nimelirudia mara kadhaa. Akifika ngazi ya mwisho, kabla hajafungua mdomo, ananyoosha koti lake. Ni mtu anayejiandaa kuwa serikali.

Mfululizo wa nne, wa 1974, wote ni Vita Kuu ya kwanza. Studio ni ile ile, jikoni ni lile lile. James yuko mahandakini, Edward, kijana mtumishi wa mlangoni, anarudi akitetemeka mwili mzima, na Gregory, Mwaustralia aliyetaka kumwoa Rose, hatarudi. Hazel, mke wa James, anakufa kwa homa ile ya 1918 wakati mtaani watu wanashangilia vita kwisha. Sijaona filamu ya mizinga iliyoniumiza kuliko sauti zile za furaha zinazoingia kwa dirishani.

Na kuna kipande kingine kirefu kinachostahili heshima yake. Gregory alimwachia Rose pauni 1,200. Ni akiba ya mtumishi, ni uzee wake. James, akiwa na nia njema kabisa, anamshauri amkabidhi aziwekeze kwenye hisa za Marekani. Ni 1929. Unajua kitakachotokea, Mama naye alijua bila kuambiwa habari za soko la hisa: "Mtumishi akikopwa na tajiri, pesa imekwenda." Hakika imekwenda. Baba yake James anamkaripia, na hasira yake haielekei kwenye mali ya familia bali kwenye zile pauni za Rose. James anajiua hotelini, nje ya London. Hilo nalo hatuonyeshwi. Tunaonyeshwa nyumba ikiambiwa.

Julai. I, Claudius

Nilikuwa naiogopa hii, kwamba haitakuwa niliyoikumbuka. Ni bora zaidi.

Historia yake yenyewe ni sinema. Mwaka 1937 Alexander Korda alianza kutengeneza filamu ya riwaya ya Robert Graves kuhusu Claudius, mfalme wa Roma ya kale, Charles Laughton akiwa Claudius. Mwigizaji wa kike, Merle Oberon, akapata ajali ya gari, kazi ikaachwa. Ilibidi ifike 1976 ndipo BBC ilipoitoa, Jack Pulman akiandika na Herbert Wise akiongoza. Yote ndani ya studio. Roma nzima, dola kutoka Hispania hadi Syria, na hakuna hata upepo. Mwanzo wa kila sehemu nyoka anatambaa juu ya sakafu ya vijiwe vya rangi, na kwa bajeti hiyo nadhani nyoka ndiye mnyama pekee waliyemmudu.

Tazama wanavyofanya michezo ya uwanjani. Hakuna uwanja. Kuna jukwaa la familia ya mfalme, viti vichache, mapazia, na kelele za umati zinatoka nyuma yetu sisi watazamaji. Sisi ndio uwanja. Livia, mke wa mfalme Augustus, anasogea mbele kidogo kwenye kiti akifuatilia panga, na ulimi unalamba mdomo.

Ila kama mtu ana dakika kumi tu za kutoa kwa mradi wangu mzima, ningempa kifo cha Augustus. Brian Blessed, mtu mwenye sauti ya kupasua vioo, amelala kitandani. Ameacha kula chochote kisichochumwa kwa mkono wake mwenyewe, maana ameanza kushuku, kwa hiyo anaishi kwa tini za bustanini. Kamera inamkaribia uso na inakataa kuondoka. Livia anaongea naye kutoka nje ya picha, kwa sauti ya mke aliyechoka, anamlaumu kwamba angemsikiliza zaidi tangu mwanzo yasingefika huku. Anaongea, anaongea. Blessed hafanyi lolote. Macho yako wazi. Na mahali fulani katikati ya sentensi za mkewe, bila kope kushuka, unagundua kwamba kwenye ule uso hamna mtu tena. Huwezi kuonyesha ni sekunde ipi. Kisha mkono wa Livia unaingia kwenye picha. Akitoka, anamwambia mwanawe Tiberius, kana kwamba anamkumbusha kufunga dirisha, asiziguse zile tini.

Mama alikaa kimya, halafu: "Kazipaka sumu zikiwa bado mtini?"

Ndiyo, Mama.

"Huyo angetawala yeye, watu wangepumzika."

Siân Phillips ndiye Livia, na alichukua tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo, kama Derek Jacobi alivyochukua ya Claudius. Jacobi anastahili ukurasa wake, kigugumizi chake na kichwa kinachoruka, mjinga wa kujifanya anayebaki hai kwa sababu hakuna anayeona haja ya kumuua. Lakini nikisema kweli, kila nikifumba macho namwona Livia. Usiku ule anapomwalika Claudius chakula, keshazeeka, na anamsomea orodha ya aliowaua kwa utulivu wa mtu anayehakiki stoo, ombi lake ni moja: mjukuu akipata madaraka amfanye mungu wa kike, kwa sababu miungu hawaadhibiwi na yeye anaogopa adhabu. Hapo ndipo Jacobi anapomtazama kwa huruma. Na sisi vilevile, jambo ambalo ni la ajabu ukihesabu maiti.

Sehemu za mwisho, za Messalina mke wa Claudius, zinapwaya kidogo. Livia akishaondoka nyumba inakosa mwenyewe. John Hurt akiwa mfalme Caligula anaziba pengo kwa muda, kwa kutisha na kuchekesha ndani ya pumzi moja.

Agosti. The Jewel in the Crown

Hii ni dunia nyingine: kampuni ya televisheni ya Granada iliwapeleka waigizaji India yenyewe, Udaipur, Simla, Mysore, wakapiga kila kitu kwa filamu. Sehemu 14, kutoka riwaya nne za Paul Scott, miaka ya mwisho ya Waingereza India kuanzia 1942. Niliogopa nadharia yangu ya chumba itakufa kwenye jua lile.

Haikufa. Baada ya mandhari yote, kiini cha kazi hii ni chumba cha gereza ambamo Hari Kumar, kijana aliyelelewa Uingereza na kurudi India bila kwao, anaulizwa maswali na afisa. Anaeleza alichofanyiwa na Merrick, mkuu wa polisi, usiku wa kukamatwa. Yameshapita, na sasa ni maneno tu. Kwa siri, chumba cha pili, Lady Manners, bibi mmoja wa Kiingereza, anasikiliza. Art Malik, akiwa Kumar, anaongea Kiingereza cha shule za gharama kuliko cha Merrick mwenyewe, na hicho ndicho Merrick hakukisamehe. Tim Pigott-Smith, kama Merrick, amenichukiza mpaka nikamwonea imani kidogo. Hiyo ni kazi ngumu kwa mwigizaji yeyote.

Mama hakuipenda. Amesema watu wanatembea sana.

Septemba. Thika

Nimeiweka mwisho kwa kuwa hapa ndipo tamthilia ya Waingereza inapokuja kwetu, na nilitaka nifike nikiwa na kipimo mkononi.

The Flame Trees of Thika, sehemu saba, kampuni ya televisheni ya Thames, 1981. Imetoka kwenye kumbukumbu za utotoni za Elspeth Huxley zilizochapishwa 1959. Ni 1913, familia ya walowezi inatoka Nairobi kwa mkokoteni wa ng'ombe kwenda kulima kahawa Thika. Hayley Mills ndiye mama, Holly Aird ndiye mtoto. Imepigwa Kenya, na mwanga wa asubuhi wa nyanda zile ni wa kweli, vumbi ni la kweli. Ni nzuri kutazama. Mtoto anatazama bila dharau na tamthilia inamfuata katika hilo. Njombo, Sammy na Juma mpishi si vichekesho.

Lakini aliyeandika na kushiriki kuitayarisha ni John Hawkesworth, yule yule mtayarishaji wa Upstairs, Downstairs. Mtu aliyejua, kuliko karibu yeyote katika televisheni ya Uingereza, kwamba habari ikiingia nyumbani lazima uishushe jikoni. Nikakaa kusubiri ngazi.

Haipo. Karibu kila tunapomwona Juma, kuna Mzungu anayemtazama. Anabeba sahani anatoka, na kamera inabaki mezani. Ardhi imepatikanaje? Wanapiga hesabu za ekari, mvua na miche, na sheria ya 1902 iliyoifanya ardhi ile kuwa ya Taji la Uingereza haina mtu wa kuileta chumbani. Wakikuyu wanaoishi pale wanaitwa vibarua, na sisi hatuingii kwenye nyumba ambamo mzee anawaeleza wanawe kwa nini sasa wanahitaji ruhusa. Tukio hilo lingegharimu nini? Kibanda, moto, watu watatu. Studio ya Claudius ingelitengeneza kwa mchana mmoja.

Kisha vita ya 1914. Inafika barazani kwa walowezi, wanaume wanapanda farasi na bunduki zao, wanawake wanabaki na nyuso zile ninazozipenda. Habari imeingia chumbani barabara kabisa. Ila vita ile iliwachukua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu mengi, makumi ya maelfu wakafia njiani kwa njaa na maradhi, na kambi zao ndizo zilizoacha Kariokor ya Nairobi na Kariakoo hapa kwetu, ninakonunua vitunguu. Huko Eaton Place, kijana wa mlangoni Edward alipewa vipindi vyake vya kutetemeka. Njombo wa Thika hakupewa vyake.

Sisemi isitazamwe. Nasema Hawkesworth alikuwa na ufunguo mfukoni akapita mlangoni bila kuutumia, na kwa mtu wa kipaji chake hilo linauma kuliko lingefanywa na mbumbumbu. Kama kuna kijana wa Kiambu au Murang'a mwenye kamera mbili na chumba kimoja, kazi ipo, iko wazi, na kwa ushahidi wa miezi yote hii haihitaji farasi.

Hali ya mradi na kinachofuata

Orodha ya awali imekwisha. Forsyte nitaigawa, Claudius hatoki nyumbani humu.

Nimepata Shoulder to Shoulder, BBC2, 1974, sehemu sita kuhusu wanawake wa Uingereza waliopigania kura. Sylvia Pankhurst yumo, yule aliyemalizia maisha yake Addis Ababa na kuzikwa huko. Ninaitaka hasa kwa sehemu ya gerezani, nione chumba kidogo kuliko vyote kinafanyiwa nini. Ila sijaweza hata kupanga siku, kwa sababu nilimtajia Mama kwamba Emmeline Pankhurst, mama yake Sylvia, ameigizwa na Siân Phillips. Akauliza ndiye yule wa tini? Ndiye. Ameshavuta kiti, anataka ianze leo.